Baada ya Mlio wa Risasi: Mkutano wa Kijiji na Ulinzi wa Raia katika Shinyanga na Geita

Kila unyang'anyi wa bunduki unapotokea katika ukanda wa dhahabu, wito unaofuata huwa mmoja: wananchi tujilinde. Mwenyekiti wa kitongoji hupita nyumba kwa nyumba, zamu za lindo hupangwa, kila kaya huandikiwa mchango, na kijana asiyefika lindoni hutozwa faini. Wito huo ni wa haki na una historia ndefu. Lakini tumeupokea nusu. Tumerithi upinde na filimbi, tukaliacha baraza lililokuwa likiwaongoza wenye upinde.

Vita vya Kagera vya 1978–1979 viliacha bunduki nyingi mikononi mwa watu na uchumi uliochoka. Wizi wa ng'ombe Usukumani na Unyamwezini ukageuka kuwa wa silaha. Polisi walikuwa wachache na mbali, na wengine walishukiwa kula na wezi. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Kahama na vya jirani upande wa Tabora vikaunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu. Mwanaanthropolojia Ray Abrahams, aliyeandika juu yao mwaka 1987, alikuwa akiwafahamu Wanyamwezi tangu kabla ya Uhuru. Vyeo vya sungusungu vilichanganya zama mbili: mtemi na ntwale kutoka utawala wa jadi, katibu na kamanda kutoka dola ya kisasa. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ulipopigwa usiku, kila mwanamume alitoka na mishale yake, na kijiji cha pili kiliupokea mwano kabla mwizi hajafika.

Mshale hauwezi kushindana na risasi. Kilichowashinda wezi ni kwamba bunduki ya wizi hutegemea watu: wa kuificha, wa kuikodisha, wa kupeleka habari kwamba fulani ameuza ng'ombe jana. Kaya zote zilipokaa pamoja na kufungana kwa kiapo, msaada huo ulikatika. Nguvu ilitoka kwenye kikao.

Kikao hichohicho kilipofanyika gizani, bila maandishi na bila mahali pa kukata rufaa, kiliumiza. Watu walichapwa viboko, wakatozwa faini za ng'ombe, wakatengwa. Baadhi ya vikundi viliwageukia vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989 yaliwapa sungusungu uwezo wa kukamata unaokaribia ule wa polisi; kwa maoni yangu, wajibu wa kujieleza mbele ya kijiji haukukua kwa kasi hiyo. Na hatari hii si ya wanakijiji peke yao. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu watuhumiwa waliteswa, wengine hadi kufa, mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumtesa mtu. Aliwajibika, na kipimo hicho hatuna sababu ya kukishusha kwa kamanda wa lindo.

Septemba 2014 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Ushirombo, wilayani Bukombe, wakaua askari wawili na kupora bunduki. Ikiwa askari wenye silaha waliuawa kituoni mwao, kumwambia kijana mwenye rungu na tochi kwamba yeye ndiye ngome ya kitongoji ni kumdhulumu. Raia ana kitu kingine ambacho polisi hawana: anajua nani amehamia, nani ana gobole asilolitolea maelezo, nani alikuwa dukani kwa mnunuzi wa dhahabu jioni ya unyang'anyi.

Hapo ndipo machimbo yanapotofautiana na kijiji cha wafugaji. Rashi ya dhahabu ikizuka, wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, humiminika kutoka kila mkoa. Mchimbaji anayelala chini ya turubai kando ya duara, yaani shimo la kuchimbia, ndiye aliyeuona uso wa jambazi, lakini haitwi mkutanoni kwa sababu "si mwenyeji", na msako ukianza huwa mtu wa kwanza kukamatwa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, iliyotungwa sungusungu wakichipuka, haiulizi ukoo. Mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni mtu mzima anayeishi kijijini kwa kawaida, na mkutano huo unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwanaapolo aliyeweka makazi hapo ni mjumbe kamili.

Kuna watakaosema kuzungumza mbele ya umati ni kujichongea risasi. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana sidai mkutano utaje washukiwa. Kutaja majina kwa uvumi kumetuua vya kutosha. Majina yapelekwe kwa polisi kata, na Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo kwa ajili hiyo. Mkutano uulize mengine: mchango wa lindo umekusanywa kiasi gani na umetumikaje, nani alikamatwa, alikabidhiwa kituo gani kwa RB (namba ya taarifa ya polisi) ipi, na kesi imefikia wapi.

Swali hilo la mwisho ndilo tunalolikwepa zaidi. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na mahakama haiwezi kukitoa bila ushahidi. Shahidi wa machimboni huhama na dhahabu: kesi ikiahirishwa Geita, yeye yuko machimboni Chunya, hana nauli, na mwenye duara hamruhusu kukosa zamu. Kesi hufutwa, mtuhumiwa hurudi mtaani, nasi tunaongeza mchango wa lindo. Mfuko unaonunua betri za tochi unaweza kulipa nauli ya shahidi huyo kutoka Chunya, na uamuzi wa kuulipa uko ndani ya uwezo wa mkutano wa kijiji ujao.