Michezo ya picha katika kuwafunza watoto kanuni za nyumbani

SAMAKI mkunje angali mbichi, husema wahenga. Swali linalowakabili wazazi wengi wa mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, ni jinsi ya kumkunja bila kumvunja.

Katika mitaa hiyo, familia nyingi huishi katika chumba kimoja. Jiko la makaa au stovu ya mafuta taa huwa hatua chache tu kutoka pale anapochezea mtoto. Kibera hukatizwa na reli ya zamani iendayo Kisumu, ilhali Kawangware ina msongamano wa magari katika barabara ya Naivasha. Kanuni za mzazi huko si suala la adabu pekee, bali ni kinga ya uhai.

Aghalabu kanuni hizo hufunzwa kwa makaripio au kiboko. Hata hivyo, kiboko kilipigwa marufuku shuleni nchini Kenya mwaka 2001, na Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinamkinga mtoto dhidi ya ukatili wa kila aina. Mchezo wa picha ni njia mojawapo ya kumfunza mtoto bila kumchapa.

Kwa nini picha?

Mtoto wa miaka mitatu huitambua picha ya moto au sufuria kabla hajajua herufi. Isitoshe, picha haina kabila. Mtoto wa jirani anayezungumza Kinubi, Kidholuo, Kiluhya au Kikamba ataielewa vilevile. Agizo la mdomo hupita, lakini picha iliyobandikwa ukutani hubaki hata mzazi akiwa kazini.

Mbinu hii si ngeni. Mchezo wa nyoka na ngazi ulitoka India, ambako ngazi ziliashiria maadili mema na nyoka maovu. Ulifika Uingereza mwishoni mwa karne ya 19.

Naye mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, katika kitabu alichochapisha mwaka 1932, alieleza jinsi watoto walivyocheza gololi, mchezo ambao watoto wa Nairobi huuita bano. Aligundua kuwa watoto wadogo huziona kanuni kama amri ya wakubwa isiyobadilika, lakini wakikua huzitambua kuwa makubaliano ya wachezaji.

Namna ya kuandaa na kucheza

Hakuna haja ya kununua chochote. Maboksi ya kadibodi, kalenda kuukuu, magazeti, makasi na kalamu vinatosha. Mzazi achague kanuni tatu au nne zilizo muhimu zaidi, kisha kila moja aichoree picha.

Picha ionyeshe tendo linalotakiwa. Picha ya moto uliopigwa mkwaju huenda ikamwonyesha mtoto moto tu. Afadhali ichorwe ya mtoto aliyeketi mbali na jiko, au aliyeshika mkono wa mtu mzima akivuka reli.

Mtoto wa miaka mitatu au minne hufaidi mchezo wa kutafuta jozi, ambapo kadi hufunikwa na kila mchezaji hufunua mbili akitafuta zinazofanana. Wa miaka mitano au sita anaweza kupanga picha kwa mfuatano: maji, sabuni, kusugua, kusuuza, kukausha. Wa miaka saba na zaidi wanaweza kuchora nyoka na ngazi yao wenyewe. Aliyefunika mtungi wa maji hupanda; aliyeuacha wazi huteremka.

Sharti la mzazi

Mchezo huu una sharti moja kubwa: mzazi naye hufungwa na kanuni. Asubiri zamu yake na akubali kushindwa. Mtoto akimwona baba akiteremka na nyoka bila kununa, hujifunza kwamba kanuni si fimbo ya mwenye nguvu. Kadi isitumiwe kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake, wala kumkumbusha kosa la jana.

Hata hivyo, picha haizimi jiko wala haisimamishi gari. Mtoto mdogo aweza kuitaja kanuni vizuri, kisha akaisahau pindi mpira unapobingirika barabarani. Hivyo basi, mchezo ni nyongeza ya uangalizi wa mtu mzima, wala hauchukui nafasi yake.