Mlingoti wa kulaza: jinsi Norfolk ilivyoinusuru Albion

Oktoba 2024 ilitimia miaka 75 tangu Albion itweke tena tanga lake jeusi katika mito ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, baada ya kukaa miaka 18 bila mlingoti. Albion ni jahazi la mizigo la aina iitwayo weri: tanga moja, mlingoti mmoja. Mlingoti huo ndio unaostahili kusimuliwa, kwa sababu umeundwa ulazwe na kuinuliwa chombo kikiwa safarini.

Chanzo ni madaraja. Nchi ile ni tambarare, mito yake Bure, Ant, Thurne, Yare na Waveney huenda taratibu, na upepo haukosekani. Lakini barabara za zamani ziliivuka kwa madaraja ya mawe yaliyoinama mno. Lile la Potter Heigham, la tangu zama za kati, hata leo tao lake la katikati huacha nafasi ya kama mita mbili tu maji yakijaa, na mlingoti wa weri hupita mita 12. Baharia wa Lamu au Nungwi akitua tanga hushusha foromali, mlingoti ukabaki umesimama. Wa Norfolk hakuwa na hiari hiyo.

Mafundi wakabuni hivi. Mlingoti haukuchimbiwa ndani ya chombo. Ulishikwa kati ya mbao mbili nene zilizosimama juu ya sitaha, ukapitishwa mtaimbo wa chuma ili ucheze kama bawaba. Kitako chake kilifungwa risasi yenye uzito unaozidi tani moja. Hakuna kamba za ubavuni. Kinachouzuia ni kamba moja tu ya omo. Nahodha alilisogelea daraja tanga likiwa limejaa upepo, akalitua dakika za mwisho, mwenzake akailegeza kamba ya omo, mlingoti ukalala kuelekea tezi huku risasi ikiinuka mbele. Chombo kilipita taoni kwa mwendo uleule kilichokuja nao. Upande wa pili kamba ikavutwa, risasi ikashuka, mlingoti ukasimama, tanga likapanda. Watu wawili walitosha, mara nyingi mtu mzima na kijana, au nahodha na mkewe. Upepo ukikata walishika upondo.

Karne ya 19 weri zilikuwa mamia, zikibeba makaa ya mawe, nafaka, mbao na matete. Reli ya Norwich na Great Yarmouth ilifunguliwa 1844, kisha yakaja malori, na mizigo ikazihama weri.

Albion iliundwa 1898 karibu na Oulton Broad, ya kupakia tani 40 hivi. Mwaka 1929 ilizama karibu na daraja la Great Yarmouth, ikaibuliwa siku chache baadaye. Mwaka 1931 iling'olewa mlingoti na tanga, ikawa tishari la kuvutwa. Weri nyingine ziliishia vivyo hivyo, na nyingi zilizamishwa makusudi kuzuia kingo za mito zisimomonyoke.

Roy Clark, ambaye kitabu chake *Black-Sailed Traders* cha 1961 ndicho kinachowapa mabaharia hawa heshima wanayostahili, alikuwa miongoni mwa waliosema inatosha. Yeye, Lady Mayhew na wenzao waliunda chama cha Norfolk Wherry Trust mwaka 1949, wakalichukua gofu la Albion na kulirudishia mlingoti. Nao hawakutaka pambo la kufungwa gatini: waliipakia mizigo na kuituma kazini. Biashara hiyo haikulipa, na baada ya miaka michache Albion ikageukia kubeba abiria. Lakini nawapa haki yao kwa uamuzi ule wa kwanza, kwani ujuzi wa kulaza mlingoti hubaki kwa kulaza mlingoti, na wazee walioujua walikuwa bado hai kuufundisha.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tulichelewa. Mtepe, chombo chetu cha kale kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kusafiri kwa tanga la mkeka, ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na tumebaki na vielelezo vya makumbusho. Gofu moja lingetosha kuanzia, na linauma hilo.

Mlingoti wa kulaza ulirithiwa pia na yoti ndogo za matembezi. Katika karakana ya Hunter huko Ludham, iliyoanzishwa miaka ya 1930, hukodishwa yoti za mbao ambazo kiasili hazina injini wala umeme. Ukifika darajani unafungua ubao wa sitaha ya mbele ili kitako cha mlingoti kipate pa kuinukia, unalaza foromali na tanga, unafungua kamba ya omo na kuishika barabara. Ole wake aliyesimama mbele ya kile kitako. Halmashauri ya Norfolk, iliyoinunua karakana 1968, iliamua kuiuza katikati ya miaka ya 1990. Wapenzi wa yoti hizo walipinga, wakachanga fedha, na tangu 1996 iko chini ya amana.

Albion nayo hufungwa Ludham hapohapo. Kila mwaka klabu ya Horning huandaa mashindano ya mito mitatu yanayowalazimu washindani kupita chini ya tao la Potter Heigham, kwenda na kurudi, kwa saa zisizozidi 24. Asiyeweza kulaza mlingoti haraka hupitwa pale pale darajani.