Vitabu vya Picha vya Wanyama kwa Watoto wa Chekechea

Vitabu vya picha vya wanyama ni vitabu vya watoto ambao bado hawajajua kusoma, ambamo picha ndiyo msemaji mkuu na maneno machache yaliyopo husomwa na mzazi au mwalimu. Jadi hii ni ya kale: mwaka 1658, mjini Nuremberg, Comenius alichapisha Orbis Sensualium Pictus, kitabu kilichofundisha herufi kwa picha na milio, mingi ikiwa ya wanyama. Vya leo ni vya namna mbili: vinavyomwonyesha mnyama alivyo, na vinavyomvika nguo na kumpa usemi wa binadamu. Kwa mtoto wa chekechea vile vya kwanza vinapaswa kutangulia, kwa kuwa wanyama wengi atakutana nao kwanza kitabuni, na pengine asiwaone kwingine kokote. Hata Dar es Salaam na Nairobi wapo watoto wanaomjua faru kwa picha tu.

Ushahidi wa jambo hili upo. Mwaka 2014 Patricia Ganea wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliosomewa vitabu vya wanyama wasiowajua, akiwemo shashi, yule ndege anayetua mgongoni mwa nyati akimdonoa kupe. Wanyama walipochorwa na kuelezwa kama watu, watoto waliambulia maarifa machache zaidi, tena walielekea kumpachika mnyama halisi tabia za kibinadamu.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba Sungura na Fisi wa ngano zetu wamelea vizazi na vizazi bila madhara. Hoja hiyo ina uzito, lakini ngano ina mlango wake: fanani akiita "Paukwa!" na hadhira ikaitikia "Pakawa!", mtoto anajua ameingia katika ulimwengu wa kubuni. Kitabu cha picha aghalabu hakina mlango huo. Wengine watasema wanyama wenye utu hufundisha maadili kwa wepesi. Hata hivyo, utafiti wa 2017 wa chuo hichohicho uliona kwamba watoto wa miaka 4 hadi 6 waligawana zaidi na wenzao baada ya kusomewa hadithi ya ukarimu yenye wahusika binadamu kuliko yenye wanyama wa kibinadamu.

Hayo hayamfukuzi sungura mwenye koti. Katika The Tale of Peter Rabbit ya Beatrix Potter (1902), Peter akishapoteza viatu hukimbia kwa miguu minne na kuongeza mbio, kwa maana Potter aliwachunguza na kuwachora sungura aliowafuga mwenyewe. Ubunifu unaosimama juu ya ujuzi wa namna hiyo humwachia mtoto mnyama wa kweli, na hicho ndicho kipimo ambacho mchapishaji, mwalimu na mzazi wanapaswa kukitumia wanapochagua.