Kompyuta ya mtumba: kwa nini mabaki ya mfumo wa zamani hukwama kwenye diski

Kikundi kimenunua kompyuta iliyotumika, na muuzaji ameshaipiga Windows. Mwanakikundi mmoja anakuta kwenye diski sehemu isiyotumika, yenye Linux ya mmiliki wa kwanza. Anaifuta ili apate nafasi. Kesho yake mashine inaleta kioo cheusi na maneno mawili: grub rescue. Hapo ndipo fundi asiye mwaminifu husema diski imekufa, leteni pesa ya nyingine. Kabla hamjachanga, tuelezane.

Kompyuta ikiwashwa haianzi na Windows. Mashine za zamani, zinazotumia BIOS, husoma kwanza kipande cha mwanzo kabisa cha diski, chenye baiti 512 tu. Maandishi ya ukubwa huo hayajazi meseji nne za simu. Humo, baiti 446 ni za programu ya kuwashia, 64 ni za jedwali la mgawanyo wa diski, na 2 za mwisho ni alama ya uthibitisho. Jedwali hilo ni kama ramani ya viwanja: linaonyesha kila sehemu inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Lina mistari 4 tu.

Kufomati C ni kufyeka kiwanja kimoja. Kipande cha mwanzo kiko nje ya viwanja vyote, kwa hiyo hakiguswi. GRUB, programu inayowasha Linux, huweka mwanzo wake hapo, na faili zake nyingine huziweka ndani ya sehemu ya Linux. Sehemu hiyo ikifutwa, mwanzo unabaki ukitafuta wenzake wasiokuwepo. Diski ni nzima na Windows bado ipo, ila hakuna wa kuiamsha.

Kwa mashine ya BIOS, fundi huwasha kwa flashi ya Windows, hufungua dirisha la amri na kuandika bootrec /fixmbr. Amri hiyo huandika upya programu ya kuwashia bila kugusa jedwali. Mashine mpya zaidi, za UEFI, huweka faili za kuwashia kwenye sehemu yake ndogo. Huko mabaki huonekana kama jina la mfumo uliokwisha ondolewa, na mara nyingi inatosha kuingia kwenye orodha ya kuwashia na kuchagua Windows Boot Manager.

Diski ya GB 500 ikisoma 465, msigombane na muuzaji. Windows huhesabu kwa kipimo tofauti na kiwanda. Ikisoma 300, ulizeni sehemu nyingine iko wapi.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni siku mtakapoiuza, ikiwa na daftari la akiba na picha za vitambulisho vya wanachama. Ndani ya diskpart kuna amri ya clean, ambayo wengi hudhani husafisha kila kitu. Inafuta ramani tu. Faili zinabaki, na zipo programu za kuzifufua. Clean all ndiyo huandika sifuri diski nzima, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. Zote mbili hazikuulizi kama una uhakika, kwa hiyo andika list disk kwanza, linganisha ukubwa, na chomoa flashi au diski yoyote ya nje usiyotaka kuipoteza.