Fremu moja, biashara tatu: kugawana pango unapoanza biashara

Msikilizaji unayetaka kufungua stesheneri, saluni au ufundi cherehani pale njia panda ya Kolandoto, kitu cha kwanza kitakachokula mtaji wako ni pango. Wenye fremu wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, wengine ya mwaka mzima, na dalali naye hudai ya mwezi mmoja. Tuseme fremu ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 360,000, na ukimlipa dalali inafika 420,000. Hapo hujanunua hata uzi. Mkiwa watatu, kila mmoja atatoa 140,000, na 280,000 inabaki mfukoni mwako kununulia mali.

Mijini utaratibu huu una majengo yake maalumu. Ulianzia San Francisco, Marekani, mwaka 2005, Nairobi ikapata iHub mwaka 2010, na Dar es Salaam ikapata Buni Hub chini ya COSTECH. Vijana hugawana meza, intaneti na umeme, na kila mmoja ana biashara yake. Sisi hatuhitaji kusubiri jengo la namna hiyo lifike Shinyanga. Fundi aliyeweka cherehani kwenye baraza la duka la mtu anafanya jambo lilelile. Wachimbaji wadogo wa Geita nao wanalijua: mwenye mawe hahitaji kununua karasha, analipia kusagiwa tu. Hata soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, limewaweka wanunuzi pamoja sehemu moja, na maofisa wa serikali wako hapohapo.

Ugomvi mkubwa wa fremu ya pamoja ni LUKU. Watu wanagawana sawasawa, halafu baada ya wiki mbili mmoja anaona anaonewa, na mara nyingi ana haki. Drayeri ya saluni ya wati 1,200 ikifanya kazi saa mbili kwa siku inakula yuniti 2.4. Pasi ya fundi ya wati 1,000 kwa saa moja inakula yuniti 1. Taa ya wati 10 ikiwaka saa nane haifikishi hata yuniti 0.1. Kwa hiyo mwenye drayeri na mwenye duka la madaftari hawawezi kuchanga sawa. Soma wati zilizoandikwa kwenye kifaa, zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000, utapata yuniti. Fanyeni hesabu hiyo wote mkiwapo, mwandike kila mmoja anachangia kiasi gani. Mkiweza, mwiteni fundi umeme afunge mita ndogo kwa mwenye vifaa vizito.

Mkataba ni jambo la pili, na hapa hatukubaliani na wanaosema “sisi ni ndugu, hatuhitaji karatasi”. Majina yote matatu yawe kwenye mkataba. Likiandikwa jina moja, mwenye jina hilo ndiye mpangaji mbele ya mwenye nyumba, na ninyi wengine mko pale kwa hisani yake. Akikosana na mwenye nyumba, mnatoka wote. Kama tayari mmoja amepanga peke yake, mwenye nyumba akubali kwa maandishi kwamba amewakaribisha wenzake.

Kugawana chumba hakuunganishi biashara. Kila mmoja awe na TIN yake, ambayo TRA hutoa bila malipo, na leseni yake ya halmashauri. Tena, anayepanga jengo kwa ajili ya biashara hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Kwenye mfano wetu ni 36,000 kwa miezi sita. Msipoikata, deni linaweza kuwarudia ninyi, kwa hiyo lizungumzeni kabla ya kutoa fedha.

Si kila biashara inafaa kukaa na nyingine. Chakula na dawa za nywele visikae pamoja, na Bwana Afya hatavumilia. Wakala wa fedha anahitaji kisanduku chenye kufuli lake na sehemu ambayo wateja wa wengine hawapiti nyuma yake. Stesheneri na cherehani hukaa vizuri sana: mwanafunzi wa chuo cha afya aliyekuja kutoa kopi anaweza kuacha na sare ya kupunguzwa. Anayetengeneza bidhaa, kama sabuni au samani, aulize kwanza ofisi ya SIDO mkoani, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, kabla ya kumtafuta dalali.

Andikeni pia nani anashika funguo, nani anafunga jioni, na mali ikiibwa mtafanyaje. Halafu jibuni swali ambalo wengi huliona la mkosi: mmoja akishindwa katikati ya muhula? Hutokea hasa miezi ya kilimo, fedha ya mpunga au pamba inapokuwa imekwisha na wateja wamepungua. Utaratibu mwepesi ni huu: anayeondoka atoe taarifa ya mwezi mmoja, alete mtu wa kuchukua nafasi yake ambaye wenzake wawili wamemkubali, na huyo mpya amrudishie pango la miezi iliyobaki. Asipopatikana mtu, fedha yake ibaki hadi muhula uishe.