Waraka wa Chris Hani na mkutano wa Morogoro

Ukimtajia mtu wa Morogoro chama cha ANC, atakuonyesha Mazimbu: shamba la zamani la mkonge ambalo serikali iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini mwaka 1977, na ambalo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Lakini jambo zito zaidi walilifanya hapa chini ya Uluguru miaka minane kabla yake, wakisukumwa na malalamiko ya afisa wa miaka 26.

Chris Hani alizaliwa Transkei mwaka 1942. Chuo kikuu alisoma Kilatini na Kiingereza, masomo ambayo hayamwandai mtu kushika bunduki. Alijiunga na Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, akapata mafunzo katika Umoja wa Kisovieti, kisha akaletwa kambi ya Kongwa, Dodoma. Kongwa vijana walichoka kungoja. Kati yao na kwao kulikuwa na Msumbiji ya Wareno na Rhodesia ya Ian Smith, na miezi ilipita kwa gwaride na porojo.

Agosti 1967 wakaruhusiwa. Kikosi cha Luthuli, watu wapatao 80 pamoja na wapiganaji wa ZAPU, chama cha wapigania uhuru wa Rhodesia, kilivuka mto Zambezi kutoka Zambia kuingia Rhodesia, Hani akiwa kamisaa wa siasa. Pori la Wankie lilikuwa kavu. Walitembea usiku na kujificha mchana, njaa na kiu vikiwaandama. Walipambana na jeshi la Smith, wakaua na kuuawa. Chakula, maji na risasi vilipowaishia, Hani na wenzake wakaingia Botswana, nchi iliyokuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, nayo ikawatia ndani.

Alipotoka kifungoni akarudi Zambia, akakuta hakuna kiongozi mwenye haraka ya kusikia yaliyotokea Wankie. Hapo ndipo yeye na wenzake sita walipoandika waraka. Haukumung'unya maneno: viongozi wanazurura duniani kwa ndege, wengine wana biashara zao, waliofungwa Rhodesia wamesahauliwa. Kamanda Joe Modise alitajwa kwa jina. Saba hao wakafukuzwa.

Hata hivyo moto ulikuwa umeshawaka. Wajumbe wapatao 70 walikutana Morogoro kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969. Hani hakuwemo, ila hoja zake zilitawala ukumbi. Kaimu rais wa chama, Oliver Tambo, alijiuzulu, wajumbe wakamrudisha. Duma Nokwe alipoteza ukatibu mkuu, akaingia Alfred Nzo. Likaundwa Baraza la Mapinduzi kuunganisha siasa na vita, na uanachama ukafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Baadaye wale saba wakasamehewa.

Bila msamaha huo sidhani kama jina la Hani lingefika popote. Mwaka 1974 alitumwa Lesotho kujenga mtandao wa siri. Mwaka 1987 akawa Mnadhimu Mkuu wa Umkhonto, chini ya kamanda yuleyule, Modise. Walifanya kazi pamoja, ingawa hawakupata kuwa marafiki.

Aprili 10, 1993 Hani alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake, Boksburg, Afrika Kusini. Mwaka uliofuata Mandela alimteua Modise kuwa waziri wa ulinzi.