Shimo na Mtaa

Ndugu muliohamishwa, na ninyi wakubwa wa mitaa, mukiambiwa kompyuta ndiyo imechora shimo, musinyamaze. Mwaka wa 1965 Lerchs na Grossmann walitangaza hesabu hiyo kule Kanada. Ardhi inagawanywa vipande kama matofali. Kila kipande kinaandikiwa faida au hasara, na mashine inachagua vya kuchimba na vya kuacha. Bei ya shaba ikipanda, shimo linapanuka kwenye ramani. Lakini nyumba, kisima na kaburi havimo mpaka mtu aviingize.

Kasulo, pale Kolwezi, familia zilihamishwa mwaka wa 2017 kwa ajili ya machimbo. Sisemi mashine ndiyo iliyowahamisha. Ombeni ramani mapema, muulize: mtaa wetu umeandikiwa hasara gani, na nani aliiandika?